Mita ya zebaki inapodanganya: nani amekaa juu ya utando wa dhahabu?

Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa kanda hii hufika madukani Mwanza mara nyingi ikiwa bado na zebaki tumboni. Mnunuzi huipiga moto tena kabla ya kuiweka kwenye mizani, na zebaki iliyobaki hupaa mle mle chumbani. Haina rangi, haina harufu. Mwenye duka anaivuta, karani wake anaivuta, na mtoto aliyeleta chakula cha mchana anaivuta pia. Kwa hiyo namba inayotokea kwenye mita ya mvuke wa zebaki ni jambo zito. Ikisoma pungufu, watu wanaumia bila kujua. Ikisoma kupita kiasi, mtu anaweza kufungiwa riziki yake bila kosa.

Mwongozo huu unahusu aina ya mita ninayoihudumia, ile yenye utando mwembamba wa dhahabu ndani yake. Nimeupanga kwa kufuata dalili, kwa kuwa dalili ndiyo inayomfikia fundi kwanza.

Kabla hujagusa skrubu

Utando wenyewe ni dhahabu ambayo, wakati wa kutengenezwa, ilitandazwa juu ya kioo au kauri ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Tuchukulie una unene wa nanomita 10. Hapo kuna tabaka 42 hivi tu za atomi, maana yake kati ya kila atomi 42 moja iko juu kabisa na inagusana na hewa. Sasa, elektroni ndani ya dhahabu nene, kwenye joto la kawaida, husafiri wastani wa karibu nanomita 38 kabla ya kukwaa kitu na kupotea njia. Kwenye utando wetu haziwezi kwenda umbali huo bila kugonga uso. Uso ukiwa safi na laini, sehemu ya elektroni huteleza na kuendelea mbele, kama mpira unaodunda kwenye sakafu ya saruji. Kitu kikinata pale juu, mpira unadundia kokoto na kuruka ovyo, na ukinzani wa utando, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, unapanda. Mwanafizikia Klaus Fuchs aliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1938. Mwaka 1972 watafiti McNerney, Buseck na Hanson wakaonyesha, huko Marekani, kwamba ukinzani wa utando wa dhahabu unaweza kutumika kupimia zebaki.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, na matatizo karibu yote yanatoka hapo: ukinzani unakuambia kuna mgeni amekaa juu ya dhahabu, ila haukutajii jina lake.

Na wageni ni wengi. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yetu, yaani msukumo wake, ni kama kilopaskali 88. Kwa kanieneo hiyo kila atomi ya juu hugongwa na molekuli za hewa zaidi ya mara milioni 100 kila sekunde. Linganisha na zebaki. Mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo, kiwango kinachotumika sana kama ukomo wa mahali pa kazi, ni atomi moja ya zebaki kwa kila molekuli milioni 290 hivi za hewa. Siku ikiwa na nyuzijoto 25 na unyevunyevu wa asilimia 70, basi kwa kila atomi hiyo moja ya zebaki kuna molekuli za maji karibu milioni saba. Kinachoiokoa mita ni kwamba wengi wanaogonga hawakai.

Muda wa kukaa ndio ufunguo. Unategemea nguvu ya mshiko kati ya molekuli na dhahabu, na mshiko ukiongezeka kidogo muda unaongezeka mno. Kwa makadirio ya kawaida ya fizikia, kwenye nyuzijoto 27, mshiko wa kilojuli 40 kwa moli humshikilia mgeni kwa mikrosekunde moja hivi. Wa kilojuli 80 humshikilia kwa sekunde nane au tisa. Wa 100, saa saba. Wa 120, miaka miwili na nusu. Halafu upashe utando hadi nyuzijoto 180, na yule wa miaka miwili na nusu anaondoka ndani ya sekunde saba. Kila ninapoirudia hesabu hii inanishangaza upya, na nadhani kila anayeshika mita hizi angepaswa kuifanya mwenyewe kwa mkono wake angalau mara moja.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza mita imesoma ngapi, nauliza mambo mawili: imepanda kwa kasi gani, na ukiipa hewa safi inarudi au hairudi? Gesi zilizoshikwa kilegevu, kama maji kwenye dhahabu safi, zinakuja na kuondoka. Zebaki, salfa na klorini zinakaa.

Vifaa vyako viwe multimita inayopima ukinzani kwa waya nne (mbili za kupitisha umeme na mbili za kupimia, ili ukinzani wa waya zenyewe usihesabiwe), kipimajoto unachokiamini, na vichujio viwili. Cha kwanza ni mkaa wa kuchujia uliotiwa iodini au salfa, ambao unakamata zebaki. Cha pili ni chokaa soda, ambayo inakamata gesi za asidi na kuiacha zebaki ipite. Tofauti ya hivi viwili itakusaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye mkoba wako.

Dalili: namba inapanda kila mchana, hata siku ambayo hakuna aliyechoma dhahabu

Hii nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ilinikosesha mimi mwenyewe na gharama yake ikamwangukia mtu asiye na hatia.

Mama mmoja ana duka la kununua dhahabu karibu na ziwa, upande wa Igogo. Alinipigia simu: "Mwanangu, leo hatujawasha moto tangu asubuhi, na bado hiki kitu kinasema sumu ipo. Nifanyeje?" Nilifika saa nane mchana nikaiona namba kwa macho yangu. Nikafikiri jambo ambalo kwa kweli hutokea: zebaki iliyonata miaka mingi kwenye kuta, dari na nyufa za sakafu huachia jua linapopasha chumba. Nikamwambia akwangue sakafu na kupaka upya. Alifanya hivyo, kwa pesa yake. Wiki iliyofuata namba ikapanda vile vile.

Safari ya pili nilikaa siku nzima. Asubuhi, upepo ukiwa bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mita ilitulia. Kwenye saa tano upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka ziwani, na haikupita muda namba ikaanza kupanda. Ufukweni chini ya duka kulikuwa na rundo la magugu maji lililosukumwa na mawimbi likaozea pale, pembeni ya mdomo wa mtaro. Kila mkazi wa mwambao anaijua ile harufu ya mayai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, na salfa inaishika dhahabu kwa nguvu. Inaishika kiasi kwamba kuna mita za utando wa dhahabu zinazotengenezwa makusudi kuipima gesi hiyo. Mita yangu ilikuwa inafanya kazi barabara, ila ilikuwa inahesabu magugu.

Uthibitisho ulikuwa rahisi. Nilisugua vipande viwili vya fedha hadi vikang'aa, kimoja nikakitundika dirishani, kingine nikakifungia kwenye chupa ya kioo. Siku chache baadaye cha dirishani kilikuwa kimekuwa kahawia, cha chupani kiling'aa kama nilivyokiacha. Kisha nikaweka chokaa soda kwenye mdomo wa mita. Namba ikatulia mchana kutwa. Nikaiondoa, ikapanda.

Zingatia kwamba mkaa peke yake usingenisaidia. Mkaa ule unakamata zebaki na salfa zote mbili, kwa hiyo namba ingeshuka kwa vyovyote, nami ningeondoka nikiamini nimethibitisha zebaki. Linalotenganisha ni hili: ukiweka chokaa soda na namba bado inapanda na jua, hapo ndipo useme zebaki inatoka kwenye jengo. Ikitulia, tafuta gesi ya asidi. Nilirudi kwa yule mama nikamwomba radhi, nikamsaidia kutafuta vijana wa kuondoa rundo lile.

Wakosaji wengine wa aina hiyo hiyo: klorini ya kuoshea sakafu, moshi wa jenereta uliowekwa mlangoni, na harufu kali ya samaki waliooza, ambayo hubeba misombo ya salfa. Usikubali mtu apige deki kwa klorini siku ya kipimo. Na chokaa soda haidumu milele. Ikianza kushikana mabonge kwa unyevu, hewa inapita kwa shida na pampu inalia kwa sauti nyingine. Ibadilishe.

Dalili: inapanda haraka, kisha inashuka yenyewe ndani ya dakika chache

Kinachokuja na kuondoka hivyo ni nadra kuwa zebaki. Shuku joto kwanza. Ukinzani wa dhahabu nene hupanda kwa asilimia 0.34 kwa kila nyuzijoto moja. Kwa utando mwembamba ni chini ya hapo, lakini bado ni zaidi ya mabadiliko yanayoletwa na zebaki kidogo. Mtengenezaji huliepuka hilo kwa kuweka tando mbili kwenye daraja la Wheatstone, saketi inayolinganisha ukinzani mmoja na mwingine: mmoja unaonja hewa, mwingine umefunikwa, ili joto liziguse zote sawasawa na kujifuta. Ukiiacha mita juu ya meza na jua likapiga upande mmoja, usawa huo unavunjika. Isogeze kivulini uone.

Shuku maji pia, hasa mita ikitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Hewa ya kando ya ziwa yenye nyuzijoto 27 na unyevunyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzijoto 23. Mita iliyokaa kwenye nyuzijoto 20 itatokwa jasho ndani kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa hadi ipate joto la nje, nusu saa au zaidi, ndipo uwashe pampu. Ukiwasha mapema umande utabeba vumbi na kulibandika juu ya dhahabu, na vumbi halitoki kwa kupasha.

Dalili: haipandi, hata mahali ambapo zebaki ipo bila shaka

Hii ndiyo ninayoiogopa. Mita inayopiga kelele bure inaudhi. Mita iliyonyamaza inamwacha mtu avute sumu akiwa ametulia moyo.

Sababu ya kwanza ni kwamba utando umeshiba. Nafasi za kukaa juu ya dhahabu zina hesabu yake, kama atomi 1,400,000,000,000,000 kwa sentimita ya mraba, na kila iliyokaliwa haimpokei mwingine kwa urahisi. Mwanakemia Irving Langmuir aliliweka wazo hili katika hesabu zaidi ya miaka 100 iliyopita: kadiri uso unavyojaa, ndivyo kila kipimo kipya kinavyoongeza kidogo zaidi. Zebaki huenda hata ndani ya dhahabu, si juu tu, lakini mwitikio wa mita hufifia vile vile. Dawa ni kupasha utando, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 150 na 200 kulingana na mita yako, hadi ukinzani urudi ulipokuwa. Fanya nje ya nyumba au weka mkaa kwenye njia ya kutokea. Zebaki yote iliyokusanywa kwa wiki nzima inatoka kwa mkupuo, na anayeipokea ni wewe uliyeinama juu ya mita.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Dhahabu safi kabisa hulowana: tone la maji husambaa juu yake. Iache kwenye hewa ya kawaida, moshi wa mkaa, mvuke wa mafuta ya kupikia, petroli ya bodaboda, na baada ya muda si mrefu tone linasimama kama shanga. Ngozi nyembamba ya hidrokaboni imeifunika. Jaribio hilo lifanye kwenye kipande cha akiba tu, usimwagie maji utando ulio ndani ya mita. Ikiwa kipande cha akiba kilichokaa chumba kimoja na mita kina shanga za maji, ujue ndani nako kuna ngozi kama hiyo. Kupasha huondoa sehemu kubwa yake.

Ya tatu ni mrija. Mafundi wengi huurefusha kwa mpira wowote uliopo dukani. Mpira wa kawaida na ule wa silikoni hunyonya zebaki njiani, kisha huiachia kesho yake, ukiwa umeshahamia duka lingine. Tumia mrija wa teflon, mfupi kadiri inavyowezekana. Nimeona mita tatu zilizotangazwa kuwa mbovu zikapona kwa kubadilishiwa mrija tu.

Ukishamaliza hayo, jaribu mita kwa mvuke unaoujua. Njia ya zamani bado ni nzuri: chupa iliyofungwa yenye tone la zebaki chini, na bomba la sindano la kuchotea hewa yake. Lakini soma joto la chupa, wala usilikisie. Hewa iliyoshiba zebaki kwenye nyuzijoto 20 ina kama miligramu 13 kwa mita ya ujazo. Kwenye nyuzijoto 25 ina kama 20. Kwa hiyo kukosea nyuzi tano tu kwenye kipimajoto kunaipotosha mita kwa karibu nusu ya thamani, na kosa hilo litakaa ndani yake mpaka mtu mwingine aligundue. Chupa ikae mahali pamoja saa kadhaa kabla, mbali na dirisha, na usiishike kwa kiganja muda mrefu. Jaribio hili ni la nje au chumba chenye hewa tele, si la sebuleni.

Dalili: namba zinarukaruka

Mara nyingi si gesi. Zima pampu. Kurukaruka kukikoma, ni mtikisiko au hewa inayovuja kwenye kiungo. Kusipokoma, pima utando kwa waya nne, kisha kwa waya mbili. Tofauti ikiwa kubwa au ikibadilika unapobonyeza kwa kidole, mguso wa waya na dhahabu umelegea. Kwa waliojitengenezea utando wenyewe maabara, kuna sababu nyingine: dhahabu juu ya kioo huanza kukua kama visiwa, na chini ya nanomita kadhaa visiwa hivyo havijaungana. Utando kama huo una ukinzani mkubwa mno, na maji yanayonata katikati ya visiwa yanaurusha juu chini. Tandaza mwingine mnene zaidi.

Dalili: baada ya kupashwa mara nyingi, ukinzani haurudi ulipoanzia

Andika ukinzani wa utando kila baada ya kuupasha, kwenye joto lile lile la chumba, ndani ya daftari moja. Bila daftari hili dalili hii hutaiona kabisa, kwa sababu inakuja kwa hatua ndogo ndogo.

Ukishuka kidogo mwanzoni, usihofu: punje za dhahabu zinakua na mipaka kati yake inapungua, elektroni zinapita vizuri zaidi. Ukipanda polepole kila safari, angalia kama utando una kromiamu chini yake ya kuushikisha kwenye kioo. Kwa joto, kromiamu hupenya kupitia mipaka ya punje hadi juu na kushikana na oksijeni, na hapo ule uso uliokuwa wa dhahabu tupu unakuwa na mchanganyiko. Ukiruka ghafla, utando umeanza kujikunja na kurudi kuwa visiwa. Huo haurekebishiki.

Utando uliokufa usiutupe kwenye jalala wala usimpe mtu anayetaka kuuchoma apate dhahabu yake. Kwa unene wa nanomita 10, sentimita moja ya mraba ina mikrogramu 19 tu za dhahabu, haionekani hata kwenye mizani ya sonara, na zebaki iliyobaki ndani itaishia kwenye mapafu yake. Mimi nauweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, nauandikia tarehe na neno zebaki, na chupa inakaa kwenye kabati lenye kufuli.